Usiifungue Kompyuta, Shangazi

Mbebe, Ileje
12 Mei 2024

Mwanangu Ezron,

Ninakusalimu, na natumaini kwa mjomba wako Yonathani huko Isoka, ng'ambo ya mpaka, wanakulisha vizuri. Sisi ni wazima. Baridi imewahi mwaka huu, mahindi bado mabichi na tayari tunalala na mablanketi mawili. Irene amejifungua mtoto wa kike, mnene kama kibuyu, wamemwita Erica. Jino langu lile nililokuwa nalalamikia nimeling'oa. Kanisa limeezekwa upande mmoja, upande wa pili tunasali huku tunanyeshewa.

Nakuandikia kwa mkono kama tulivyofanya zamani, kwa kuwa laini zako ulizivunja na ulitaka usitafutwe kwa simu. Violet anavusha mchele kuja huko kila baada ya wiki tatu au nne, na mbali na mimi ni yeye peke yake anayejua uliko. Mpe majibu akirudi.

Jumapili iliyopita tulipotoka ibadani nilimkuta Gwamaka, kaka yake Mbonile, amekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu. Panga lilikuwa juu ya magoti. Mbwa wetu alikuwa amelala uani, na kichwa chake kilikuwa kwenye kizingiti cha mlango.

Akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyemfundisha Mbonile kusoma. Uliwahi kumwona akiiba hata chaki?"

Nikamwambia aondoke.

"Nitaondoka. Lakini mwambie Ezron nitamkata hivi hivi. Walikuwa wawili ndani ya kibanda kile cha ufundi. Ndugu yangu aliuawa mbele yake na hakunyanyua hata mkono."

Nikamjibu kwamba mwenye makosa ni aliyeiba, si aliyesimama. Akainuka, akalipiga panga kwenye mlango mara moja, akaenda zake. Alama ipo, inaingia vidole viwili. Watoto wa jirani wamenisaidia kumzika mbwa.

Sikwenda kumzika Mbonile, unajua. Nilimfundisha miaka minne, na siku ile nilijifungia ndani nikasahihisha madaftari. Nilikuwa na hasira naye. Kwa tamaa yake ya kipande cha memori cha mtu, nusura wewe pia uuawe.

Sasa shida yangu. Kompyuta yangu ya mapajani, ile uliyonisafishia Februari ukanirudishia siku mbili tu kabla ya mambo yale, ilirudi ikikimbia vizuri mno. Tangu shule ilete programu mpya ya kuingizia alama inaganda. Wakati mwingine kioo kinakuwa cha buluu, inazima yenyewe, na kazi ya saa mbili imepotea. Mwalimu Ferdinand wa fizikia anasema memori haitoshi, niongeze. Itumba yupo fundi, lakini baada ya Mbonile siwezi tena kumwachia fundi kompyuta yangu nikageuza mgongo. Nataka kuifungua mwenyewe. Nina miaka hamsini na minne, cherehani yangu naifungua na kuifunga, sioni kwa nini hii inishinde. Niandikie hatua kwa hatua.

Shangazi yako,
Nesta

*

Isoka
2 Juni 2024

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenifikia, Violet aliificha ndani ya gunia la mchele. Mjomba Yonathani anakusalimu sana. Nampongeza Irene, mwambie mtoto akikua nitamletea viatu. Mimi ni mzima. Natengeneza simu sokoni, nina meza yangu na mwavuli. Wateja wananiongelesha Kibemba na mimi nawajibu Kinamwanga, tunaelewana. Chakula ni sima na samaki wadogo, siwezi kulalamika.

Pole kwa mbwa. Pole sana. Weka komeo la chuma, na usiku usimfungulie mtu hata akijitaja jina.

Kuhusu kompyuta nakushauri uache. Si jambo la kujifunza kwa barua. Memori ni kitu laini: mwili wa mtu una umeme wake ambao hata wewe huusikii, ukiigusa vibaya kwenye yale meno ya dhahabu umeshaiunguza. Halafu zipo za kizazi cha tatu na za kizazi cha nne, pengo la meno halilingani, na ukilazimisha unavunja pale inapochomekwa, hapo bodi nzima ni ya kutupa. Skrubu nazo hazina urefu mmoja. Ndefu ukiiweka pa fupi inatoboa hadi upande wa pili.

Na fundi wa Itumba pia usimpe. Wewe ivumilie tu. Futa picha na video usizozihitaji, funga programu zote isipokuwa ile ya alama, zima kompyuta kila jioni badala ya kufunika kifuniko. Itakaa sawa.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Ezron

*

Mbebe
23 Juni 2024

Mwanangu Ezron,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu, tumevuna maharage ya kutosha na mtoto wa Irene ameanza kucheka. Mimi mgongo unanisumbua.

Nimefanya yote uliyosema. Nimefuta hadi picha za harusi ya baba yako. Juzi nilikuwa naingiza alama za kidato cha nne, wanafunzi mia moja na kumi na wawili, na nilipofika wa tisini kioo kikawa cha buluu. Mkuu wa shule alinisema mbele ya walimu wote. Nimeirudia kazi kwa kalamu.

Huku hali ni mbaya. Gwamaka alikuwa kilabuni, mtu mmoja akamtania kuhusu mdogo wake mwizi. Gwamaka alivunja chupa akamkata nayo sikio. Walimkamata, wakamlaza ndani siku nne, ndugu wakaelewana, ametoka na ni mbaya kuliko alivyoingia. Mama yao, Tabita, ameacha kuja bombani. Wanawake walikuwa wakiondoa ndoo yake kwenye foleni, na wiki iliyopita watoto wamemtupia madongoa, moja likampasua juu ya jicho. Nilikuwa napita. Niliona damu inamchirizika hadi kwenye kanga yake, na nikaendelea na njia yangu. Nakuambia kwa sababu sijamwambia mtu mwingine.

Deus, yule mpiga video za harusi, wameshamwachia. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa pale sokoni Tunduma na hakuna aliyeona kitu. Anatembea, anakula nyama choma, na kila mahali anasema kwamba memori yake haikupatikana mpaka leo, yenye alama ya rangi nyekundu ya kucha ya mke wake. Walimvua Mbonile nguo zote, wakapekua kibanda chote, hawakuiona. Nimekuwa nikijiuliza aliificha wapi. Wewe ulikuwa naye. Katika barua yako umeniandikia habari za skrubu, lakini jina la Mbonile hukuliandika hata mara moja. Naelewa, inakuuma. Mlikua pamoja.

Ferdinand alikwenda Mbeya, nimemwagiza memori mpya, kubwa, ya kizazi cha nne. Alisoma kwanza maandishi ya chini ya kompyuta yangu ndipo akanunua. Ipo hapa mezani ndani ya karatasi yake inayong'aa. Kwa hiyo usiniandikie tena nivumilie. Niandikie nianzie wapi.

Shangazi yako,
Nesta

*

Isoka
14 Julai 2024

Shikamoo Shangazi,

Huku wazima. Naandika haraka, Violet anaondoka.

Kompyuta yako ni ya aina ambayo memori imechomelewa kwenye bodi kiwandani. Haichomolewi. Ukifungua hutaona pa kuchomeka kitu, utaona bodi tupu. Huyo Ferdinand ni mwalimu, si fundi. Rudisha ulichonunua.

Shangazi, jana hapa sokoni walimkamata mtu na simu ya wizi. Alikimbia akaja upande wangu, akaanguka juu ya meza, simu za watu nilizokuwa nimezifungua zikamwagika zote. Walimpigia hapo hapo, juu ya meza yangu, kwa mbao zenye misumari. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika, sauti yake ni kama muwa. Mtu mmoja akanipa ubao akasema, mpige na wewe, amekuharibia kazi. Nikaushika. Yule mtu alinitazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limeshafumba. Nikautupa ubao nikakimbia mpaka mtoni. Sijui kama alikufa. Sijarudi sokoni.

Usiifungue, Shangazi. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu.

Ezron

*

Mbebe
4 Agosti 2024

Ezron,

Leo sikusalimu.

Nimeifungua jana, Jumamosi, saa nne asubuhi, mezani pangu, mlango ukiwa wazi nipate mwanga. Ferdinand alikuwa ameniandikia hatua kwenye karatasi, naye akaja kukaa pembeni, lakini nilimkataza asiguse. Nilizima, nikachomoa waya, nikatoa betri. Nilishika bomba la chuma la dirishani ili umeme wa mwilini uniondoke. Skrubu kumi na moja nilizipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa mahali zilipotoka. Kava la chini nililiachanisha na kadi ya zamani ya simu, taratibu, pembe moja baada ya nyingine. Halikuwa jambo gumu. Cherehani ni ngumu zaidi.

Haijachomelewa. Pana mahali pawili pa kuchomeka. Pa kwanza ni patupu. Pa pili pana kipande cha memori, na pembeni mwake pana tone la rangi nyekundu ya kucha, na juu ya tone hilo mtu amekwaruza kwa pini: DEUS.

Ferdinand alikisoma kwa sauti kabla sijamzuia.

Nilihesabu siku. Ulinirudishia kompyuta Alhamisi. Mbonile aliuawa Jumamosi. Nilipoiwasha ile Alhamisi nikakupigia simu nikakuambia, mwanangu, inakimbia, umeifanyaje? Ukacheka. Ukasema, zawadi yako Shangazi.

Miezi sita nimefanyia kazi kitu hicho. Alama za watoto nimeziingiza kwacho. Nimempita mama wa watu akivuja damu njiani, kwa ajili ya kitu kilichokuwa mezani kwangu.

Sijachomeka ile mpya. Nimefunika kompyuta kwa kitambaa ikiwa wazi vile vile. Nitangoja barua yako moja tu. Usiniulize hali. Niambie ulifanya nini.

Nesta

*

Isoka
8 Septemba 2024

Shangazi,

Violet amekuja mara mbili, na mara ya kwanza nilimwambia sijaandika. Leo amesema hataondoka bila barua. Amekaa nje na mjomba.

Niliiba kwa ajili yako. Deus alileta kompyuta yake Jumatatu, tuisafishe feni. Yako ilikuwa pale kwenye rafu. Ulikuwa umeniambia unakesha kungoja ifunguke, na mimi nilikuwa na aibu kwamba fundi mzima shangazi yake anateseka. Mbonile alikwenda kununua vocha. Nilichomoa ya Deus, nikamchomekea nyingine ndogo ya zamani, yake nikaiweka kwako. Dakika tano. Rangi niliiona. Nilisema nitaifuta, nikasahau.

Jumamosi Deus alikuja na vijana watatu wa bodaboda. Mbonile alikuwa anakula mihogo. Deus akaweka kompyuta juu ya meza, akasema, "Ilikuwa na memori ya giga nane, sasa ina nne. Nani kati yenu ameifungua?"

Alikuwa ameshika nondo. Niliitazama ile nondo. Nataka ujue kwamba sikupanga. Mdomo ulisema wenyewe: "Mbonile ndiye aliyeisafisha."

Mbonile akacheka. Alidhani namtania, kwa sababu tulikuwa tunataniana siku zote. Akanigeukia, muhogo bado umo mdomoni, na kijana mmoja akampiga na helmeti usoni. Meno yalidondoka mezani pamoja na muhogo. Wakamvuta nje kwa mguu. Mtu akapiga kelele mwizi, na neno hilo pale Tunduma halihitaji kurudiwa. Walitoka kwenye maduka, kwenye magari, hata akina mama wa nyanya. Walikuwa na matofali ya ujenzi wa jirani. Deus alimpiga nondo kwenye magoti kwanza, asikimbie. Halafu kila mtu.

Mimi nilisimama ndani nikiwa nimeshika bisibisi.

Alitambaa, Shangazi. Na magoti yale alitambaa kurudi kibandani, kwangu. Watu walimwachia njia kidogo, sijui kwa nini, labda walitaka kuona. Alikuwa hatua mbili kutoka mlangoni. Nami nikaufunga. Nikasukuma komeo. Niliona vidole vyake vinaingia chini ya mlango, vinne, vina vumbi na damu, vinatafuta pa kushika. Kisha vikavutwa.

Baada ya hapo walikuja kupekua, nikawafungulia, wakanisukuma pembeni, hakuna aliyenigusa. Mmoja alinipa pole kwa kukaa na mwizi. Nilitokea mlango wa nyuma, na jioni ile ile nikavuka mpaka.

Gwamaka ana haki na panga lake.

Fanya unachoona. Sitahama hapa.

Ezron

*

Mbebe
6 Oktoba 2024

Ezron,

Naandika kwa mkono wa kushoto, nisamehe kama huwezi kuyasoma maneno. Wa kulia umefungwa plasta.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Kesho yake nilivaa nguo nilizopaswa kuvaa siku ya mazishi, nikachukua barua na kile kipande cha memori ndani ya leso, nikavuka bonde hadi kwa Tabita. Nilimkuta anapepeta. Sikujua nianzeje, nikapiga magoti. Akasema, "Mwalimu, utachafua gauni." Nikamsomea. Yote, hadi vidole. Hakulia. Aliendelea kushika ungo, na mchele ukawa unamwagika taratibu upande mmoja.

Gwamaka alikuwa nyuma ya nyumba, amesikia. Alikuja na mpini wa jembe. Pigo la kwanza nililikinga kwa mkono, ukavunjika hapo hapo, niliusikia. La pili lilinipata mbavuni, nikaanguka. Nilimwona anaunyanyua juu ya kichwa changu, na sikuwa na hofu, nilifikiri basi, imetosha. Tabita alijitupa juu yangu. Kibibi kile chepesi kama kuku. Gwamaka alipiga kelele, "Mama toka!" na mama akamjibu, "Umuue na nani atasema? Huyu ndiye wa kwanza kuja kuniambia mwanangu hakuwa mwizi. Umuue, halafu nani atasema?"

Gwamaka akapiga ukuta wa nyumba na ule mpini mpaka ukakatika, halafu akakaa chini. Ni yeye aliyenibeba kunipeleka hospitali. Polisi walipokuja kuniuliza, nilisema nilianguka bondeni, na najua hawakuniamini.

Nilipotoka tulikwenda polisi Itumba watatu, mimi, Tabita na Ferdinand. Wamechukua kompyuta, wamechukua kipande, wamechukua barua yako, nikiwa nimekata pale juu palipoandikwa Isoka. Wamesema watawasiliana na wenzao wa Tunduma. Wewe wanakutafuta sasa kwa jina. Sikuwaambia uko wapi. Nilisema utakuja mwenyewe. Usinifanye mwongo mara ya pili.

Sasa sikiliza maneno ya Tabita, naandika kama alivyoyasema. La kwanza: hataki uende polisi kimya kimya. Anataka kwanza usimame pale pale sokoni, mchana, siku ya Jumamosi, useme kwa sauti kwamba mwanawe hakuiba. "Walimwita mwizi hadharani," anasema, "sitaki asafishwe kwenye makaratasi." Nilimwambia watakuua. Akasema: hata hivyo.

La pili ni swali. Anauliza: mwanangu alisema nini mwisho? Mtu akipigwa husema kitu. Katika barua yako umeandika alicheka, umeandika alitambaa, lakini hukuandika neno lake hata moja. Mimi pia nililiona pengo hilo.

Nesta

*

Mahabusu
10 Novemba 2024

Shikamoo Shangazi,

Naomba mkono wako uwe umepona. Barua hii itasomwa na askari kwanza, kwa hiyo akiisoma namsalimia na yeye. Mjomba Yonathani alinisindikiza hadi mpakani, akanipa koti lake. Nimelala hapa usiku wa kumi na tano. Tuko wengi, tunageuka kwa zamu. Usilete chakula kingi, leta sabuni.

Utakuwa umesikia ya sokoni kwa watu, lakini nataka uyasikie kwangu.

Nilivuka Jumamosi saa tano asubuhi. Kibanda chetu kimepangishwa, wanauza makava ya simu. Tabita alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na Gwamaka amesimama nyuma yake. Hatukusalimiana. Nilipanda juu ya kreti la soda nikasema kwa sauti: "Mimi ni Ezron. Memori ya Deus niliiba mimi. Mbonile hakuigusa. Nilimsingizia, na nyinyi mkamuua."

Watu wachache waligeuka. Gwamaka akaja akanipiga ngumi ya mdomo, nikaanguka. Akanishika shati, akanirudisha juu ya kreti. "Sema tena. Hawajasikia." Nilisema tena, damu inanitoka, meno mawili yametoka. Mara hii walisikia. Mama mmoja wa nyanya alijifunika uso kwa kanga. Wanaume waliokuwa wamesimama karibu walianza kuondoka mmoja mmoja, wanaangalia simu zao, kama watu waliokumbuka kazi. Niliwatambua watatu.

Deus hakuondoka. Alikuja mbele, akatazama watu, akaona wanamtazama yeye. Akapiga kelele: "Mwizi! Si amekiri mwenyewe? Mwizi huyu hapa!"

Jiwe la kwanza lilinipata begani, la pili kichwani, nikawa sioni vizuri. Nilikwisha kukubali kufa. Gwamaka akanivuta chini ya kwapa lake, kichwa changu kwenye kifua chake. Yule aliyeapa kunikata, Shangazi. Alisema, "Huyu hafi leo. Anakwenda kuandikisha maelezo." Tukatembea hivyo hadi polisi, mimi nimeinama, yeye ananifunika, mawe yanatupiga wote. Alipasuliwa sikio na kisogo. Mama yake alitembea mbele yetu katikati ya barabara, mikono mitupu, na kila aliyemwona anakuja aliliweka jiwe chini. Wachache hawakuliweka. Mlangoni Gwamaka aliniachia, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mimi na wewe hatujamaliza," akaondoka.

Deus amekamatwa jioni ile, na hao watatu niliowatambua. Mama wa nyanya amekubali kutoa ushahidi. Mimi nina mashtaka ya wizi, na wanasema huenda yakaongezwa mengine. Sijakataa chochote. Ferdinand akipata kompyuta nyingine ya shule, mwambie akusaidie. Wewe kazi ya kufungua unaijua sasa kuliko wengi.

Nimechelewesha jibu la swali la mama Tabita kwa makusudi. Pale sokoni hakuniuliza, na mimi sikuwa na mdomo wa kulisema. Msomee sehemu hii peke yake, mkiwa wawili.

Nilipofunga mlango, mmoja wao alisema, na huyu aliyejifungia, naye ni mwizi, mtoeni. Wakaanza kuupiga mateke. Mlango ule ni bati tu, ungekubali kwa mateke matatu. Mbonile alikuwa chini pale, midomo imepasuka, lakini nilimsikia vizuri kwa sababu alikuwa karibu kuliko wao wote. Alisema, "Ezron hajui kitu. Mwacheni."

Alilisema mara mbili. Wakaniacha.

Ezron